Redio za pakiti Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu APRS, mahali pa chombo na hali ya hewa

Ukurasa huu ni wa wanaotaka kujua jinsi redio za ridhaa, yaani za watu wanaorusha kwa mapenzi yao na si kwa biashara, zinavyoweza kutangaza mahali chombo kilipo na hali ya hewa bila kutegemea minara ya simu. Umeandikwa kwa kuiwazia Lamu: Amu (ndio mji wa Lamu), Shela, Manda, Pate, Kiwayu na maji yaliyo baina yao. Mtu wa Malindi atapata yake humu pia. Msimamo wangu niuseme mapema: funguvisiwa letu linahitaji vituo vya kusikiliza na vya kupima upepo kwanza, vifaa vya kufuatilia vyombo baadaye.

APRS ni kitu gani?

Ni utaratibu wa kutuma taarifa fupi kwa njia ya redio: niko wapi, upepo ukoje, nina ujumbe gani. Aliyeubuni ni Bob Bruninga, kolsaini (utambulisho wake wa redioni) WB4APR, aliyefanya kazi katika chuo cha jeshi la wanamaji la Marekani kule Annapolis. Alianza mapema miaka ya 1980 kwa programu ya kuonyesha meli kwenye ramani, na jina la APRS likaja miaka ya 1990. Alifariki mwaka 2022. Hadi mwisho alikuwa akiwasahihisha watu walioiona kama mfumo wa kufuatilia magari. Kwake ilikuwa njia ya kumwezesha kila aliye eneo moja ajue kinachoendelea hapo kwa wakati huohuo. Ukilishika hilo, mengi yaliyomo humu yatakuwa mepesi.

Pakiti inasafiri vipi?

Pakiti ni taarifa hiyo fupi iliyofungwa pamoja ili irushwe kwa mara moja. Modemu huyageuza maandishi yake kuwa sauti mbili, moja ya hezi 1200 na nyingine ya hezi 2200, zikibadilishana kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde. Redio huirusha sauti hiyo kama ambavyo ingerusha maneno ya mtu. Ukiisikiliza kwa sikio ni mkoromo mkali ambao kwa kawaida haumalizi sekunde moja. Kanuni za kuipanga pakiti zinaitwa AX.25. Majaribio ya kwanza ya redio za pakiti miongoni mwa watu wa ridhaa yalifanyika Montreal, Kanada, mwaka 1978, kwa hiyo hii ni teknolojia yenye umri wa kutosha.

Wote hutumia masafa mamoja, yaani frikwensi moja ya redio. Katika kanda yetu, yaani Ulaya na Afrika, ni megahezi 144.800. Hakuna kupiga namba ya mtu. Unarusha, na aliye karibu anapokea. Taarifa ya mahali haiombi jibu wala haithibitishwi. Ikipotea imepotea, na inayofuata itafika baada ya dakika chache. Ujumbe wa maandishi ndio wenye uthibitisho, nao haupiti herufi 67.

Simu yangu inaonyesha nilipo. Kwa nini nihangaike na redio?

Ukiwa mitaa ya Amu, Mkomani au Langoni, simu inatosha na usihangaike. Jambo hubadilika ukishatoka nje ya miamba kuelekea bahari kuu, ambako netiweki hupungua mpaka ikakatika. Tena hata mjini intaneti haina dhamana: Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika karibu na Afrika Kusini, Kenya na Tanzania zote zilikwama. Siku kama hiyo vituo viwili vya redio, kimoja Amu na kimoja Pate, vingeendelea kuzungumza kama kawaida, maana hakuna kitu baina yao ila hewa.

Ninahitaji leseni?

Ndiyo, na hapa hakuna njia ya mkato. Hapa Kenya leseni ya redio za ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na kolsaini za wenye leseni huanza na 5Z4. Chama cha kitaifa, Amateur Radio Society of Kenya, ndicho mahali pa kuanzia kwa anayetaka mwongozo wa wazoefu. Ukitaka kusikiliza tu, vilevile iulize Mamlaka kabla hujanunua kifaa.

Lamu ina sababu yake ya ziada ya kulitilia mkazo jambo hili. Tuko karibu na mpaka wa Somalia, ulinzi ni mkali, na mtu mwenye simu ya upepo na antena ndefu juu ya dari atatazamwa. Kabla mlingoti haujasimama, mjulishe chifu, ijulishe polisi, wajulishe majirani. Nakala ya leseni ikae pale pale penye redio, siyo kabatini kwa ami yako Mombasa. Ukieleza kazi ya kituo kabla hujaulizwa, wengi watakuunga mkono, hasa wakisikia ni habari za upepo.

Redio ya wati 5 itafika wapi?

Wati hazina neno kubwa hapa. Neno ni kimo cha antena, yaani iko juu kiasi gani. Masafa haya husafiri karibu na mstari ulionyooka, na dunia ikijipinda yanabaki juu. Kuna hesabu rahisi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena moja kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha kimo cha nyingine, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita. Antena yako Amu ikiwa mita 16 juu ya bahari, na ya mashua mita 4, unapata 4 na 2, jumla 6, na hiyo ni karibu kilomita 25 juu ya maji.

Sasa tazama ramani. Kutoka Amu hadi Kizingitini, kisiwani Pate, ni zaidi ya kilomita 30. Kiwayu ni karibu 50. Ukiupandisha mlingoti wa Amu hadi mita 36, kazi ngumu na ya gharama, unaongeza kama kilomita 8 tu. Ndiyo maana jibu si mlingoti mrefu Amu bali kituo cha pili upande wa Pate. Njiani, mkondo wa Mkanda umezungukwa na mikoko, na mikoko mibichi hunywa mawimbi ya redio. Usishangae mashua ikipotea kwenye ramani pale na kuibuka ikishatoka.

Malindi iko karibu kilomita 135 kwa mstari ulionyooka, kwa hivyo Amu na Malindi hazionani. Zipo siku ambapo tabaka za hewa juu ya bahari ya joto huinamisha mawimbi yakasafiri mamia ya kilomita, na mwenye kusikiliza kwa bidii ataziona. Usijenge mtandao juu ya siku hizo.

Dijipita ni nini, na iwekwe wapi?

Ni kituo kinachopokea pakiti na kuirusha upya kwenye masafa yale yale, kama mtu aliyesimama gatini akirudia kwa sauti kubwa maneno anayoyasikia kutoka botini. Pakiti yenyewe hubeba maelekezo ya mara ngapi irudiwe. Kwa visiwa vyetu, WIDE1-1,WIDE2-1, yaani marudio mawili, inatosha kabisa. Anayeweka marudio mengi akidhani atafika mbali anawazibia wengine njia, kwa kuwa masafa ni mamoja na wawili wakirusha pamoja mara nyingi hakuna anayesikika.

Usidhani kwamba dijipita iko tayari inakungoja. Sikiliza 144.800 kwa muda mrefu, nyakati tofauti za mchana na usiku, ujue kilichopo. Mahali pazuri ni Faza au Kizingitini kwa maji ya kaskazini, na dari ndefu Amu au Shela kwa mlango wa bahari. Wengi hunionyesha vile vichuguu vya mchanga vya Shela kwa kuwa viko juu. Naomba viachwe. Chini yake ndimo yalimo maji matamu ya mji wa Amu, na mchanga wenyewe hausimami pamoja: mlingoti uliouweka sawa leo, kusi moja itauinamisha.

Lango la intaneti ni nini?

Ni kituo kinachosikiliza redio na kuyapeleka yaliyosikika kwenye seva za APRS duniani, ambako tovuti kama aprs.fi huyaonyesha kwenye ramani. Lango moja linalofanya kazi Amu lingetosha kuwaonyesha jamaa walio Mombasa au Maskati mashua imefika wapi. Linahitaji redio, kompyuta ndogo yenye programu ya Direwolf, ambayo ni huria na huifanya kazi ya modemu kwa kadi ya sauti, na bando la intaneti. Data yenyewe ni kidogo sana.

Lango lisiwe moyo wa mtandao, hata hivyo. Kwenye kompyuta ya kituo weka programu ya ramani kama Xastir au YAAC, na ramani iliyopakuliwa mapema, ili intaneti ikikatika ramani ibaki hai kwa yanayosikika redioni moja kwa moja.

Kituo cha hali ya hewa kinatuma nini hasa?

Hili ndilo swali nilipendalo kuliko yote. Chukua mfano huu wa pakiti, sehemu yake ya mwisho:

!0216.20S/04054.10E_180/012g020t084r000p012h78b10112

Inatisha kwa macho lakini inasomeka. Mwanzo ni mahali: nyuzi 2 na dakika 16.20 kusini, nyuzi 40 na dakika 54.10 mashariki, ambapo ni kisiwani Lamu. Ile alama ya mstari wa chini baada ya herufi E inasema hiki ni kituo cha hali ya hewa. 180/012 ni upepo unaotoka kusini kwa maili 12 kwa saa, kama kilomita 19. Baada ya g ni kasi ya juu ya ghafla, maili 20. t084 ni joto kwa Farenhaiti, sawa na sentigredi 29 hivi. r ni mvua ya saa iliyopita, hakuna. p ni mvua ya saa 24, sehemu kumi na mbili za mia za inchi, yaani kama milimita 3. h78 ni unyevu wa asilimia 78. b10112 ni kanieneo ya hewa, milibari 1011.2.

Vipimo vya Kimarekani vinaudhi, najua. Programu hukugeuzia, kwa hiyo ubaoni andika kilomita na sentigredi. Anayeandika kolsaini ya kituo cha hali ya hewa kwa kawaida huimalizia na -13. Gari ni -9, chombo cha baharini -8, redio ya mkononi -7. Si sheria, ni desturi inayomsaidia msomaji.

Data hizo zikipita kwenye lango zinaweza pia kuingia katika mpango wa CWOP, unaokusanya vipimo vya watu binafsi na kuvifikisha kwa watabiri.

Vipimo niviweke wapi kwenye nyumba ya mawe?

Kwa upepo, kiwango cha kimataifa ni mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi. Mjini Amu haiwezekani: nyumba zimebanana, na upepo unaofika darini umeshagonga kuta tatu. Kipimo kilichofungwa kwenye ukingo wa dari kitakwambia habari za nyumba ya jirani. Kipandishe juu ya makuti, juu ya kila kilicho karibu, na kama una jamaa Shela au Ras Kitau upande unaotazama bahari, kiweke huko. Upepo wa huko ndio manahodha wanaohitaji kuujua. Kusi inapovuma na maji yanapwa kwa nguvu, hasa wakati wa bamvua, mlango wa bahari pale Shela huwa na mawimbi mafupi yaliyosimama wima, nayo hayana huruma kwa boti ya fiber iliyojaa abiria. Namba moja ya upepo, inayosomeka Amu au Mokowe kabla ya kung'oa nanga, ina thamani kuliko nukta mia kwenye ramani.

Kipimajoto ni kinyume chake. Usikiweke darini penye chokaa, kwani adhuhuri utakuwa unapima sakafu. Kiwe kimo cha mtu, kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, mbali na ukuta. Chini ya makuti kivuli ni kizuri lakini mara nyingi hewa haipiti vya kutosha.

Chumvi itakula kila kitu. Waya wa koaksi, yaani wa antena, uwe na konekta zilizofungwa kwa mkanda wa mpira unaojishika wenyewe, kisha mkanda wa umeme juu yake, na waya uachwe ukining'inia kidogo chini ya konekta ili maji yadondoke badala ya kuingia. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Vikombe vya kipimaupepo vioshwe kwa maji matamu, maana chumvi ikiingia kwenye beringi upepo utaonekana mdogo kuliko ulivyo, na kosa la namna hiyo ni la hatari zaidi kuliko kipimo kilichokufa kabisa.

Kanieneo imeshuka jioni. Dhoruba inakuja?

Pengine hapana. Katika nchi za tropiki kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kila siku: kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti yake ni milibari 2 au 3. Linganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana. Ikishuka kupita desturi yake ndipo uitazame kwa makini. Kwa tahadhari za dhoruba wasikilize Idara ya Hali ya Hewa, yenye vituo vyake Lamu na Malindi. Kituo chako kinaongeza macho; hakitabiri. Tufani kamili ni nadra karibu hivi na ikweta, ila Hidaya iliyotua pwani ya Tanzania Mei 2024 ilitukumbusha kwamba upepo wake na mawimbi yake hutufikia.

Wavuvi hawataki pahala pao pa kuvulia pajulikane. Itakuwaje?

Wana haki. Kila pakiti inasomwa na dunia nzima, hairuhusiwi kufichwa kwa msimbo, na nahodha aliyelirithi fungu lake kwa babu yake hatalianika kwenye ramani.

APRS ina njia yake ya adabu. Tarakimu za mwisho za mahali zinaweza kuachwa wazi. Kwa kawaida sehemu moja ya mia ya dakika ni kama mita 18. Ukiziacha wazi tarakimu mbili za mwisho, unasema tu kwamba uko ndani ya dakika moja, karibu kilomita 1.8. Jamaa watajua uko upande gani, fungu litabaki siri. Pakitokea taabu, unarudisha tarakimu zote.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi: anayerusha lazima awe na leseni. Wavuvi wetu wengi hawana, na kuwafungia vifaa vyombo vyao bila leseni ni kuwaingiza matatani. Kwa hiyo kwao faida ya mtandao huu ni kupokea. Wape upepo wa Shela na wa Kizingitini, uandikwe kwenye ubao wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo cha wavuvi) kila alfajiri, usomwe na kila mtu.

Nina boti za kubeba watalii. Naweza kuzifuatilia kwa APRS?

Hapana. Masafa ya ridhaa si ya biashara. Tumia AIS, mfumo wa vyombo vya baharini wa kutangaza mahali vilipo, unaofanya kazi kwenye megahezi 161.975 na 162.025 za baharini, au kifaa cha laini ya simu au cha setilaiti.

APRS inaweza kuniokoa baharini?

Isiwe tegemeo lako la kwanza. Simu ya upepo ya baharini kwenye chaneli 16, megahezi 156.8, ndiyo inayosikilizwa na meli. Kifaa cha dharura cha megahezi 406 huita kupitia setilaiti. Mombasa kuna kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini. Pakiti ya APRS inaweza kuwaonyesha waokoaji ulikuwa wapi mara ya mwisho, na hilo ni kubwa, ila kwa sharti kwamba kuna aliyekuwa akisikiliza. Jaketi za kuokolea maisha zinunuliwe kabla ya redio.

Nasikia pakiti zinaweza kupita angani. Ni kweli?

Ni kweli. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kimebeba dijipita kwenye megahezi 145.825. Kikipita juu yetu, kama kilomita 400 kwenda juu, kinaonekana kutoka upeo hadi upeo kwa takriban dakika 10, na pakiti yako inaweza kusikika ng'ambo ya bahari. Weka ARISS badala ya WIDE kwenye njia ya pakiti. Wati 5 na antena nzuri darini zinaweza kutosha. Kwa kuwa dijipita hiyo huzimwa wafanyakazi wa angani wanapokuwa na kazi nyingine, hakikisha kwanza iko hewani.

Nikiwa na pesa kidogo, nianze na nini?

Antena. Antena moja ya nguzo ya bendi ya mita 2, yaani ya megahezi 144, iliyotengenezwa kwa shaba au alumini, ikipandishwa vizuri, itashinda redio ya bei kubwa yenye antena ya mpira. Kisha redio ya kawaida ya megahezi 144, iliyoidhinishwa, na simu ya Android yenye programu ya APRSdroid, au kompyuta ndogo yenye Direwolf. Sola na betri ya volti 12 viwe vya kutosha usiku kucha na siku ya mawingu. Weka fyuzi karibu na betri, na kizuia radi pale waya unapoingia nyumbani.

Kituo cha kudumu kirushe kila baada ya dakika 20 au 30, cha hali ya hewa kila dakika 10. Zaidi ya hapo ni kelele.

Na sisi wa Malindi?

Yote ya juu yanawahusu, ila mna bara wazi zaidi na majengo machache ya kuwaziba upande wa bahari. Kuwaunganisha nasi kwa redio tupu, tumieni masafa ya megahezi 7 mchana kwa mazungumzo, maana mawimbi yake hupanda na kurudi chini hata kwa umbali wa Malindi hadi Amu, au APRS ya polepole ya biti 300 kwa sekunde kwenye bendi ya mita 30. Kwa kazi ya kila siku, lango moja la intaneti kila mji litafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi.